Vipimo vya Shati

Chumbani kwangu, ghorofa ya tatu
Jumapili, mchana

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute umekaa mbele ya cherehani yako ukiwa na afya njema, goti limetulia, na macho bado yanatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada wa mtu. Wapwa zangu wakipiga simu wape salamu za mjomba wao. Wasalimie na majirani wanaoniulizia, kama bado wapo wanaoniulizia. Mimi huku ni mzima wa afya, kazi inaendelea, na mvua zimeanza.

Kwa kawaida barua yangu huishia hapo. Salamu, uzima, kazi, mvua, kisha jina langu chini. Leo nitaandika mpaka mkono uume, kwa sababu kuna jambo nimekufanyia, dada. Sikulifanya kwa ubaya, lakini nimelifanya, na ukishalisoma huenda ukakaa miezi bila kunijibu. Sitakulaumu. Ninachoomba ni kwamba usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya kwenye vitabu vya hadithi. Soma kwa mpango.

Nianze na habari za mji, maana kuingia moja kwa moja siwezi.

Wazoa taka waligoma siku tisa. Magazeti yote yaliandika juu ya harufu, nzi na maofisa waliokuwa wakitupiana lawama, nasi tuliandika hivyo hivyo. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba siku hizo tisa ndizo nilizozungumza na majirani zangu kuliko miaka sita yote niliyokaa kwenye jengo hili. Tulikuwa tunakutana chini ya ngazi, kila mtu na mfuko wake mkononi kama mgeni aliyekosa pa kufikia, tunaulizana tuupeleke wapi. Jirani wa ukutani, ambaye nilikuwa namjua kwa kikohozi tu, kumbe ni mwalimu wa hesabu, na ana ucheshi wa kuvunja mbavu. Siku ya kumi malori yakarudi. Nilisimama dirishani nikayatazama yanavyozoa, watu wanapiga makofi, na mimi moyo ukaninywea. Tangu hapo mwalimu amerudi kuwa kikohozi.

Halafu likafungwa daraja la waenda kwa miguu lililo mbele ya ofisi yetu. Liliota nyufa. Sasa ili kuvuka barabara tunazunguka hadi kwenye taa, mwendo wa robo saa. Kuna mama muuza miavuli aliyekuwa anakaa pale juu darajani. Naye ameshuka, amejibanza kwenye ukuta wa benki, na kila nikipita ananiambia kwamba daraja likifunguliwa mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kupanda, kwa jinsi ninavyolitazama. Sijamwambia kwamba ninachokikumbuka pale juu si daraja. Tulikuwa tunapita kwa kugusana mabega, tunaombana radhi. Siku nyingine hilo lilikuwa neno pekee ninaloambiwa na mtu tangu asubuhi.

Na sensa nayo imepita. Karani wa sensa alinigongea mlango jioni, kijana mpole mwenye viatu vilivyochoka. Akauliza watu wangapi walilala humu usiku wa kuhesabiwa. Nikamwambia mmoja. Akatupa jicho mezani, akaona vikombe viwili, akauliza tena, mmoja? Ikabidi nimweleze kwamba kikombe cha pili ni changu pia, ni uvivu wa kuosha. Nikamkaribisha chai. Alikuwa na milango arobaini mbele yake lakini akanionea huruma, akainywa akiwa wima. Nilimuuliza maswali mengi kuliko aliyoniuliza yeye. Huenda unaona kama habari hii ya karani umewahi kuisikia mahali. Subiri kidogo, tutafika.

Sasa kazi. Dada, wewe unajua kwamba mdogo wako ni mwandishi wa habari kubwa, anakimbizana na mawaziri. Ilikuwa kweli zamani. Miaka minne iliyopita gazeti lilipunguza watu. Kichwa changu hakikukatwa ila nilihamishwa. Niliwekwa ukurasa wa kumi na nne, barua za wasomaji. Meza iko mwisho wa ukumbi, kati ya kabati la makaratasi na dirisha linalotazama kituo cha mabasi na kibanda cha kinyozi. Kazi yangu ni kusoma wanachoandika watu, kusahihisha, na kupunguza. Kila barua ina nafasi ya maneno mia mbili, ikizidi napitisha mkasi. Sikukuambia. Nilikuwa nimekuzoesha kunisifia kwa majirani, nikaona haya kukunyang'anya hicho. Kila ukiniuliza kazi ikoje, nakujibu inaendelea.

Siku hizi watu hawaandiki barua kwa magazeti. Wana simu, wakikasirika wanakasirikia humo humo. Alhamisi moja ukurasa ulibaki na tundu la upana wa kiganja, na saa nane ilikuwa imekaribia, saa ya ukurasa kwenda mitamboni. Mhariri mkuu, ambaye ofisini tunamwita Mzee Mkasi, aliniambia nijaze, hataki kuona tundu. Nikageuza kiti, nikatazama nje. Nikaandika kuhusu kinyozi anayejinyoa mwenyewe asubuhi kabla hajapata mteja, ili wapita njia waone kiti kina mtu. Sikuweza kutia jina langu, si ruhusa kujiandikia. Nikatia Mama wa Dirishani.

Ndiyo, dada. Ni mimi.

Najua umesimamisha cherehani. Niache nimalize. Wiki iliyofuata walikuja wasomaji watatu kwa barua, wanamsalimia. Wiki ya pili saba. Mzee Mkasi akaamuru apewe kona yake kila Ijumaa, na ni miaka mitatu sasa. Kwa nini mwanamke, hata mimi nilijiuliza. Nadhani mwanamume anayekaa dirishani anatazama watu wengine wakiishi angechekwa, ila mama mtu mzima akifanya hivyo anasalimiwa. Na sauti ile sikuiumba. Ni mdomo wako. Unavyokemea watu huku unawaonea huruma, unavyoanza na jambo dogo la uzi ukaishia kwenye mambo ya dunia, hayo yote nilikuwa nayasikia masikioni nikiandika. Karani wa sensa nilimweka kwenye kona, ila kule Mama wa Dirishani alimwambia aandike watu wawili, yeye na redio, na kwamba redio ndiyo inayopaswa kuwa mkuu wa kaya kwa sababu ndiyo inayoongea. Mimi halisi nilisema mmoja.

Kwa hiyo kila Ijumaa niliuambia mji mzima mambo ambayo wewe, damu yangu, sikukuambia hata moja. Hilo ni nusu ya ninalotubu. Nusu ya pili ni ya wiki hii.

Utaratibu wetu uko hivi. Barua ya msomaji ikifika, inakwenda kwanza kwa mchapaji, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia. Yeye anaiingiza kwenye kompyuta, anaandika jina la utani ambalo msomaji ameomba, na karatasi yenyewe anaibana kwenye faili. Mimi napata maneno yaliyopigwa chapa tu. Jumanne nilipata barua iliyoandikwa kwa Mama wa Dirishani. Jina la chini lilikuwa Mshonaji.

Mshonaji alisema kwamba yeye hununua magazeti ya zamani kwa kilo, ya kukatia violezo vya nguo, na kwamba amekata mawaziri, wachezaji mpira na matangazo ya simu bila huruma, lakini Kona ya Dirishani hajawahi kuitia mkasi, ameziweka zote kwenye kopo la vifungo. Alisema ana mdogo wake wa kiume aliye mbali. Utotoni walikuwa wanambembeleza anyamaze ili watu walale. Sasa anatuma barua mara mbili kwa mwaka, mistari minne, mzima, kazi, mvua. Alisema tangu mumewe afariki nyumba imekuwa na sauti ya cherehani peke yake, na kwamba wakati mwingine anaendesha cherehani bila kitambaa chini ya sindano. Akauliza, mama mwenzangu, wewe unayejua kumtazama mtu, mtu aliyefunga mdomo anafunguliwaje?

Nilisoma hayo nikiwa nakunywa chai, dada, na sikukutambua.

Ndiyo maana sitaki unisamehe haraka. Washonaji wako wengi, wenye ndugu mabubu wako wengi, hayo nimejiambia mara nyingi tangu Alhamisi. Lakini maneno yale niliyashika kama ninavyoshika barua zote, nikayahesabu. Yalikuwa mia mbili na hamsini na sita. Nikapitisha mkasi. Nikatoa salamu za mwanzo, nikatoa habari ya goti, na nikatoa sentensi moja niliyoiona inarefusha bila sababu. Nikaipa kichwa cha habari, "Mdogo wangu amekuwa bubu". Mzee Mkasi alipoipitia alifurahi, akasema mwaka mzima hatujapata barua kama ile, iwekwe kwenye kisanduku katikati ya ukurasa na Mama wa Dirishani ajibu papo hapo.

Nikajibu. Jumatano nzima nilikaa namjibu Mshonaji, na huyo mdogo wake nilimshukia kama mwewe. Nilimwita mchoyo wa maneno. Nilisema mtu anayemtumia dada yake mistari minne anamtupia mfupa. Niliandika vizuri, dada, niliandika kwa uchungu wa kweli, nikaona kama nimemtetea mwanamke wa watu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda.

Kanuni ya ukurasa ni kwamba msomaji anaweza kutumia jina la utani, lakini jina halisi na anwani lazima viwe kwenye faili, na barua ya kisanduku inahakikiwa. Alhamisi asubuhi nikaenda kwa mchapaji kuomba karatasi yenyewe. Akaitoa, akanipa. Kwanza niliona imekunjwa mara tatu. Halafu nikaona ukingoni, pale ukurasa ulipoisha, mwandishi ameugeuza ubavu akaendelea kuandika pembeni, kama tulivyofundishwa nyumbani kutopoteza karatasi. Halafu nikaona herufi. Mchapaji aliniambia nikae. Nadhani nilikuwa nimeshika kabati.

Nikaigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa na yale ambayo mchapaji hakuyapiga chapa, kwa kuwa hayakuwa ya gazetini. Ulimwandikia mhariri kwamba una ndugu yako humo jengoni, ukamtaja majina yake yote matatu. Ukasema yuko kwenye habari kubwa kubwa, hawezi kushughulika na ukurasa wa barua, lakini ikitokea akapita hapo, tafadhali asionyeshwe. "Atadhani namsema kwa watu," uliandika, "na mimi simsemi, nimemkosa tu."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie. Nina miaka hamsini na mbili na nililia mpaka shati likalowa kifuani.

Nilipotoka niliingia kwa Mzee Mkasi nikamwambia barua ya kisanduku inatoka. Alidhani nina homa. Akaniambia ukurasa umeshapangwa, mtambo hausubiri mtu, na zaidi ya hapo barua iliyokwisha kufika gazetini ni ya gazeti. Ni mtu wa haki, lakini kwa mambo ya ukurasa ana roho ya chuma. Nikamwekea karatasi yako mezani, upande wa nyuma. Akalisoma jina langu. Akanitazama.

"Hii si barua ya msomaji," nilimwambia. "Hii ni barua yangu. Imepotea njia tu."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema nina mpaka saa nane kujaza tundu, na kwamba kesho tutazungumza kama nafaa kubaki ukurasa wa kumi na nne au siufai. Mazungumzo hayo bado. Ijumaa aliniona kwenye ngazi akaniuliza habari za dada, akapita.

Gazeti la Ijumaa hufika huko kwenu Jumatatu, kwa hiyo barua hii ikikufikia, kama hukusubiri liwe la kilo, utakuwa umeshaisoma kona. Pale Mama wa Dirishani anawaaga wasomaji. Anasema anafunga dirisha kwa sababu amegundua kuna mtu amekuwa akimpungia mkono miaka yote kutoka nyuma yake, mlangoni, na yeye hakugeuka. Niliandika dakika ishirini, sikuhesabu maneno. Mchapaji ananiambia simu za wasomaji hazikomi, wanauliza mama anahamia wapi. Itabidi wamzoee mwingine.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako, yenyewe, pamoja na matobo ya pini ya faili. Haikusomwa na mji. Imesomwa na mchapaji, Mzee Mkasi na mimi, na hao wawili wameapa, ingawa mchapaji anaomba umshonee gauni. Lile jibu nililomwandikia yule mdogo wake Mshonaji nimelihifadhi pia. Sitakutumia. Limebandikwa ukutani humu chumbani, nalisoma nikipiga mswaki.

Ulimuuliza mama mwenzako mtu aliyefunga mdomo anafunguliwaje. Hajui, dada. Alikuwa anajifanya. Mimi ninachojua ni kwamba mtu huyo hakuufunga kwa kiburi. Kila nilipokaa kukuandikia niliona sina habari ya kukupendeza, sina mke wa kumtaja, sina mtoto aliyefaulu, cheo kimeshuka, chumba ni kile kile, nikaona bora nikutumie uzima na mvua, visivyo na lawama. Mji huu unaweza kuishi ndani yake ukaongea kutwa nzima na hakuna aliyekusikia ukisema "mimi". Nimekukosa, dada. Nalisema kwa mkono wangu na kwa jina langu.

Nikirudi kule juu, mwanzoni nimeandika kwamba mimi huku ni mzima wa afya. Chukua kalamu upige mstari hapo. Mvua iache, mvua ni kweli.

Na ile sentensi niliyoikata, sasa nairudisha, kwa kuwa ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ulisema kila mwaka unamkatia mdogo wako shati kwa kukisia, halafu humtumii, kwa sababu hujui tena mwili wake ukoje, na kwamba yako sanduku moja yamejaa. Niliona inarefusha. Leo asubuhi nimetafuta kamba nikajipima, na kamba nimeilaza kwenye rula, kipimo kimoja baada ya kingine. Shingo inchi kumi na sita. Kifua inchi arobaini, nikivuta pumzi arobaini na moja. Kiuno tusikitaje, kimeongezeka. Mkono wa kulia inchi ishirini na nne, wa kushoto nimeukisia, maana kamba ilikuwa inateleza. Mabega sikuweza. Nimejaribu mbele ya kioo, nimejaribu kwa kubana kamba mlangoni, kila nikishika upande huu, upande wa pili unadondoka. Nikafikiria kumgongea mwalimu wa hesabu. Nikafika mpaka mlangoni kwake, akakohoa, nikagonga. Alitoka na kijiko mkononi, nikamweleza shida, akacheka sana, kisha akanipima. Akaniuliza ni kipimo cha nini. Nikamwambia dada yangu ananishonea shati, nikakaa kwake mpaka chai ikapoa nikizungumza habari zako.

Kipimo alichonipa sikiandiki hapa. Nimeomba likizo, nimepewa wiki mbili kuanzia mwisho wa mwezi, nimeshakata tiketi. Mwalimu ni wa hesabu, si wa nguo, simwamini kwenye jambo hili. Mabega utayapima mwenyewe.

Ukiona bado una hasira, usitume jibu, mimi nitakuja tu nikae kibarazani mpaka ziishe. Nisalimie wapwa zangu, nisalimie cherehani, na lile kopo la vifungo usilifungue mpaka nifike, nataka kuona uliyoyaweka.

Ndimi mdogo wako, yule mliyekuwa mkimwita

Kasuku